Anayefukua Maiti Naye Ahesabiwe

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo ya Shirika la Reli la Kongo, SNCC, iliyotoka Luena kwenda Tenke, iliacha reli karibu na Buyofwe, teritori ya Lubudi, jimboni Lualaba. Ilikuwa na mabehewa 15. Katika karatasi za reli, 12 kati yake yalikuwa matupu. Kwa kweli yalikuwa yamebeba umati wa watu waliodandia, maana barabara za huko ni mbovu na safari haziwezi kungoja. Mabehewa saba yalitumbukia korongoni. Hesabu ya kwanza ilitaja wafu 60, baadaye ikapanda hadi 75, na majeruhi 125. Taarifa ya ajali kwa kawaida huishia hapo: wafu wangapi, majeruhi wangapi, serikali imetuma rambirambi. Hesabu ya tatu haina hata mahali pa kuandikwa. Ni ya wale wanaoingia chini ya vyuma kuwavuta wenzao, wanaobeba miili isiyotambulika, wanaokaa na majeruhi hadi gari lipatikane, kisha wanarudi makwao na kulala, wakiweza kulala.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba kiwewe cha mwokoaji hakitokani na ubaya wa alichokiona peke yake. Kwa sehemu kubwa kinatokana na namna alivyoingizwa katika kazi ile, vifaa alivyopewa au kunyimwa, watu aliokuwa nao, na jinsi alivyoachwa kazi ilipokwisha. Hayo yote hupangwa na binadamu, na yanayopangwa na binadamu yanaweza kupangwa upya. Kwa hiyo afya ya akili ya waokoaji wa Lualaba, kuanzia Kolwezi kwenye migodi hadi Sandoa iliyo mbali na mashimo ya shaba, ni suala la kazi na la bajeti kabla ya kuwa suala la daktari. Tukilichukulia kama suala la huruma tu, tutaendelea kutoa pole, na pole haimwondolei mtu jinamizi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu kuna wanaodhani ni jina jipya la huzuni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inataja dalili za aina tatu. Kwanza, tukio linarudi kana kwamba linatokea sasa hivi, katika ndoto za kutisha au mchana kweupe, likiamshwa na harufu, mlio au tope la rangi fulani. Pili, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha: njia ile, watu wale, hata mazungumzo. Tatu, mwili unakaa macho muda wote kana kwamba hatari ingalipo. Anashtuka kwa mlango kugongwa na kufoka kwa jambo dogo. Dalili hizi zikidumu wiki nyingi na kuvuruga kazi na nyumba, hapo ndipo tunapozungumzia ugonjwa. Huzuni ya msiba ni jambo jingine, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Madaktari wa akili wa Marekani, walioutambua ugonjwa huu rasmi mwaka 1980, waliongeza jambo muhimu mwaka 2013: si lazima mtu awe ameponea chupuchupu mwenyewe. Waliwataja bayana waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili, kwa kuwa kukutana na mauti ya wengine tena na tena kazini kunatosha kuujenga ugonjwa huo.

Si kila mwokoaji anaugua, na ni vizuri kulisema hili mapema kabla mtu hajatusingizia kwamba tunataka kuwaita wote wagonjwa. Mwaka 2012 timu ya watafiti wakiongozwa na Berger ilikusanya tafiti 28 zilizohusu waokoaji zaidi ya 20,000 duniani. Waligundua kwamba kwa wastani mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na ugonjwa wa kiwewe wakati alipopimwa, na wahudumu wa ambulensi walikuwa na kiwango cha juu kuliko wazima moto na polisi. Basi tisa kati ya kumi hawakuwa nao. Watu wengi hushtuka, hukosa usingizi kwa wiki mbili tatu, kisha hutulia. Swali la maana ni hili: kwa nini yule wa kumi hatulii, na je, wa kumi wetu ni mmoja tu?

Jibu lenye nguvu zaidi ninalolijua lilitoka New York. Baada ya majengo ya World Trade Center kuanguka Septemba 2001, karibu watu 29,000 walioshiriki kuokoa na kusafisha eneo lile waliulizwa hali zao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kwa jumla asilimia 12.4 walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe. Lakini jumla hiyo inaficha tofauti kubwa. Kwa polisi ilikuwa asilimia 6.2. Kwa watu waliojitolea bila kuwa na shirika lolote nyuma yao, ilikuwa asilimia 21.2, yaani zaidi ya mara tatu. Waliofanya kazi ambayo hawakufundishwa waliumia zaidi kuliko waliofanya ya fani yao. Waliofika mapema na waliokaa muda mrefu, vivyo hivyo. Wote hao walikuwa katika vumbi moja na vifusi vilevile. Kilichowatenganisha ni mafunzo, zamu, kikosi, na kuwa na mtu wa kumwambia mwenzake: sasa inatosha, toka, fulani ashike.

Soma takwimu hizo ukiwa na Kolwezi kichwani. Tarehe 27 Juni 2019, kingo za shimo la KOV katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper, iliyo chini ya Glencore, ziliporomokea wachimbaji wa mikono, na watu wasiopungua 43 walikufa. Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando, Mulondo, kusini mashariki ya Kolwezi, daraja la kubahatisha lililovuka mtaro wenye maji liliporomoka chini ya watu waliokuwa wakikimbia. Serikali ya jimbo ilitaja wafu wasiopungua 32, na shirika la serikali linalosimamia wachimbaji wadogo, SAEMAPE, likasema taharuki ilianzia kwenye milio ya risasi za askari. Katika ajali za namna hii, mwokoaji wa kwanza haji na king'ora. Ni mchimbaji mwenzake, mwenye sepetu ileile aliyokuwa akichimbia madini dakika chache kabla. Baada yake ndipo huja vijana wa Msalaba Mwekundu, wengi wao wajitolea, na nyuma yao polisi na ulinzi wa raia. Kwa lugha ya utafiti ule wa New York, karibu waokoaji wetu wote wapo katika kundi la asilimia 21.

Tena kuna jambo linalowaweka mahali pabaya zaidi. Mwaka 1989 mzinga wa meli ya kivita ya Marekani, USS Iowa, ulilipuka na kuua mabaharia 47. Daktari Robert Ursano na wenzake waliwafuatilia wajitolea waliohudumia miili ile. Walichokiona ni kwamba mtu aliyeitazama maiti akasema moyoni, huyu angeweza kuwa rafiki yangu, ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa ya kiwewe. Mzima moto wa mji mkubwa hujifunza kuutenga uso wa marehemu na nyuso za nyumbani kwake. Mchimbaji wa Kolwezi hana nafasi hiyo. Anayemfukua ni mtu waliyegawana naye mkate na sardini asubuhi, pengine mdogo wake, pengine kijana aliyemleta yeye mwenyewe kutoka kijijini kwa ahadi kwamba shaba italipa karo ya wadogo zao.

Halafu kuna sheria. Wengi wanaochimba ndani ya maeneo ya makampuni hawana ruhusa ya kuwa humo. Siku mgodi unapobomoka, mtu anayebaki kumfukua mwenzake anabaki mahali ambapo kuonekana ni kosa. Akimaliza, hawezi kwenda mbele ya ofisi yoyote na kusema: nilikuwepo, nilitoa watu wanane, tangu siku hiyo silali. Kusema hivyo ni kukiri. Kwa hiyo anakaa kimya, na ukimya huo unatafsiriwa na wakubwa kuwa ni ushujaa, au kuwa watu wa chini wana moyo mgumu. Sidhani kama kuna mahali pengi duniani ambapo mwokoaji hulazimika kuficha kwamba aliokoa. Chombo chochote cha kumsaidia mtu huyu kitakachodai kwanza kitambulisho, kadi ya mchimbaji na maelezo ya alikuwa wapi saa ngapi, kitakuwa kimeshindwa kabla ya kufungua mlango.

Sasa twende Sandoa, kilomita zaidi ya 300 magharibi ya Kolwezi, katika nchi ya Walunda na Wachokwe. Mtu anaweza kuuliza Sandoa inahusika vipi, maana haina mashimo ya shaba wala haionekani katika picha za setilaiti zinazouzwa kwa wanunuzi wa kobalti. Inahusika mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu migodi hula watu wa mbali: vijana wa Sandoa, Kapanga na Dilolo hushuka Kolwezi kutafuta maisha, na wakivunjika hurudi kuvunjikia kwao. Kliniki ya kampuni, ikiwa ipo, ipo kwa ajili ya waajiriwa na imebaki upande wa pili wa uzio. Mara ya pili kwa sababu Sandoa ina waokoaji wake, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Katika teritori ya vijijini, muuguzi wa kituo cha afya ndiye ambulensi, ndiye zima moto, ndiye mpokeaji wa maiti iliyotolewa mtoni. Mjamzito anayevuja damu usiku akifikishwa kwa pikipiki, mtoto wa surua aliyechelewa, dereva wa pikipiki aliyegongwa na lori: wote hufikia mikononi mwake, na nusu ya vifaa havipo. Mwaka 2019 peke yake surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, zaidi ya waliouawa na Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri katika kipindi kilekile. Ebola ilikuwa na kamera. Wauguzi wa surua walizika kimya.

Mauti ya kidogo kidogo haileti gavana, lakini hujilimbikiza. Anayeona watu 70 wamekufa siku moja na anayeona mmoja kila wiki kwa miaka minne wanaweza kufika mahali pamoja. Wa pili ana balaa la nyongeza: anawajua kwa majina, anakutana na mama zao sokoni, na baadhi ya mama hao wanaamini kwamba mtoto angepona kama yeye angejitahidi. Pengine anaamini hivyo hata yeye. Hatia ya kushindwa kuokoa kwa kukosa chupa ya damu ni jeraha tofauti na hofu, na haliponi kwa kuambiwa amshukuru Mungu.

Pingamizi la kwanza nalijua, na wanaolitoa ni watu wema. Wanasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tumepita mengi na tuko hai. Machi 1977 Sandoa ilitekwa na wapiganaji wa FNLC waliovuka kutoka Angola. Mei 1978 wapiganaji haohao waliingia Kolwezi, mamia ya watu wakauawa, miili ikakaa mitaani siku kadhaa. Waliozika walizika, wakaendelea na maisha, wakazaa watoto. Mvumilivu hula mbivu. Ni kweli waliendelea. Lakini hakuna aliyewauliza wanaendeleaje, na kutouliza hakuwezi kuwa ushahidi kwamba majibu yangekuwa mazuri. Pale tulipouliza katika eneo letu, tulipata jibu tofauti. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200, watafiti waliwalinganisha waokoaji wa Nairobi na wale wa Oklahoma City, ambako bomu la mwaka 1995 lilikuwa limeua watu 168. Waafrika hawakuonekana kuwa na kinga yoyote. Waokoaji wa Nairobi ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Nairobi, raia wengi walikimbilia kusaidia kwa mikono mitupu, na mtu aliyesoma aya za juu hawezi kushangaa.

Oklahoma nayo ina funzo la pembeni ambalo mtu wa Lualaba atalielewa haraka. Kati ya wazima moto wa kule, asilimia 13 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, lakini karibu nusu ya wote walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la ulevi maishani mwao, wengi tangu kabla ya bomu. Kiwewe cha watu wenye kazi ya kiume hakiji hospitalini kikijitambulisha. Huja kama chupa. Kwetu huja kama pombe ya lutuku, huja kama kipigo kwa mke, huja kama kijana mchapakazi aliyeacha kazi ghafla na kuanza kulala mchana. Tukihesabu wagonjwa kwa kuangalia waliofika kwa daktari wa akili, tutapata sifuri, na tutafurahia sifuri hiyo.

Pingamizi la pili linasema tayari tuna dawa: familia, kanisa, matanga. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Uchambuzi wa Brewin na wenzake wa mwaka 2000, uliojumlisha tafiti 77, ulionyesha kwamba kukosa watu wa kukushika mkono baada ya tukio ni miongoni mwa mambo yanayotabiri ugonjwa huu kwa nguvu zaidi, kuliko hata umri au elimu. Kwa hiyo kikundi cha sala cha Jumatano kina thamani ya kitabibu, na mtu asikidharau. Tatizo ni kwamba desturi zetu za msiba zimepangwa kwa ajili ya wafiwa. Mama wa marehemu ana mkeka wake, ana watu wa kulala naye, ana siku zake za kuliliwa. Aliyemtoa marehemu shimoni hana mkeka. Yeye ni mgeni katika matanga yale, pengine anakwepwa kwa sababu ya alichokigusa, pengine anaulizwa maswali magumu kuhusu fedha zilizokuwa mfukoni mwa marehemu. Wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini, wajitolea wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakizika kwa usalama walipigwa mawe na jamii walizokuwa wakizilinda. Mwezi Oktoba 2018, huko Butembo, baadhi yao walijeruhiwa vibaya. Jamii ileile inayoponya inaweza kuwa ndiyo inayoumiza. Ni juu ya viongozi wa makanisa na machifu kulisema hili hadharani, kwamba anayezika watu wetu ni wetu.

Pingamizi la tatu ni la mhasibu, na ndilo linalostahili jibu refu. Sandoa haina ambulensi za kutosha, inakuwaje tuzungumze juu ya akili? Swali hili linachukulia kwamba vifaa na akili ni mafungu mawili yanayogombania fedha zilezile. Ushahidi unasema kinyume. Tarehe 20 Februari 2019 lori la asidi ya salfa lililokuwa likienda kwenye mgodi wa Mutanda lilipata ajali katika kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu wapatao 20 wakafa. Katika ajali ya aina hiyo, anayetaka kumvuta majeruhi bila glavu na buti ana njia mbili: kuungua naye, au kusimama na kutazama. Kusimama na kutazama ndicho kitakachomrudia usiku. Glavu, taa ya kichwani, mifuko ya maiti, namba za kufungia kila mwili ili ndugu wasigombanie, maji na sabuni ya kunawa, zamu ya saa chache na mtu wa kupokezana: vyote hivi ni vifaa vya uokoaji, na vyote ni kinga ya akili. Hata mafunzo ya siku tatu yanayomfundisha mjitolea asitazame nyuso bila sababu, asisome barua za marehemu, afanye kazi wawili wawili, hayazidi bei ya semina moja ya hotelini Kolwezi.

Kuna kitu kimoja ambacho hatupaswi kukinunua. Kwa muda mrefu mashirika yalikuwa yakituma wataalamu mara baada ya ajali, wakiwaketisha waokoaji katika duara na kumtaka kila mmoja asimulie yote aliyoyaona, mara moja, kisha wataalamu wanapanda ndege. Uchunguzi wa tafiti zilizolinganisha waliopewa huduma hiyo na wasiopewa, uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2002, ulikuta kwamba kikao kimoja cha kusimulia hakizuii ugonjwa, na katika baadhi ya tafiti waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linakataza kutoa dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Vidonge hivyo ndivyo vya kwanza mtu anavyokimbilia duka la dawa, na ndivyo vinavyomzoeza haraka. Mwezi wa kwanza unataka mambo ya kawaida mno: usalama, chakula, usingizi, taarifa za kweli, kuwa na watu wake, na mtu anayejua jina lake atakayerudi kumwangalia.

Na yule ambaye baada ya miezi mitatu bado hajatulia? Hapo anahitaji matibabu ya kweli, na hapo watu hukata tamaa wakifikiri kwamba lazima awepo daktari bingwa. Kutoka Sandoa hadi kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 600 za barabara. Hilo haliwezi kuwa jibu la kila siku. Lakini jibu limekwisha kujaribiwa ndani ya Kongo hii. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Judith Bass na wenzake kwa wanawake 405 wa vijiji vya mashariki waliofanyiwa ukatili wa kingono. Baadhi yao walipata matibabu ya mazungumzo ya vikundi, yanayomfundisha mtu kuyapima upya mawazo yaliyonasa baada ya tukio. Wengine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa matibabu walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapohapo, wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Miezi sita baadaye, kati ya waliopata matibabu ya vikundi, asilimia 9 ndio waliokuwa bado na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 42, na dalili za kiwewe zilikwenda vivyo hivyo. Miaka mitano kabla yake, katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi waliofundishwa walikuwa wamewatibu wakimbizi wenzao kwa mafanikio. Mtu atasema mchimbaji wa kiume wa Kolwezi si mwanamke wa Kivu, na ni kweli: njia ile itahitaji kupimwa upya kwa waokoaji, pengine vikao vifanyike kwa namna ambayo wanaume watakubali kuketi. Hoja ya kwamba haiwezekani kwa watu wa elimu ya kawaida, hiyo imekwisha kufa.

Yabaki fedha. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 iligawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa madini ya kimkakati, inatozwa mrabaha wa asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fungu la asilimia 15 na lile la 0.3 hayafiki Sandoa, kwa sababu Sandoa haizunguki mashimo ya shaba. Lile la asilimia 25 ni la jimbo zima, na Sandoa ni sehemu ya jimbo. Mantiki ni nyepesi: jimbo linalopokea fedha kutokana na mashimo linabeba pia gharama ya wanaofukua mashimo yakifunga. Makampuni yatajibu kwamba yana vikosi vyao vya uokoaji na kwamba wanaokufa ni wavamizi. Vikosi hivyo vipo na baadhi ni vizuri. Ila mwili wa mvamizi hautolewi na karatasi za umiliki, hutolewa na mtu, na mtu huyo anaishi Lualaba.

Bima nayo ina mlango uliofungwa nusu. Mfumo wa hifadhi ya jamii, CNSS, umejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, na mjitolea si mmojawapo. Lakini tangu mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani limeuweka ugonjwa wa kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, kwa hiyo muuguzi wa serikali, polisi wa madini na mfanyakazi wa SNCC wana msingi wa kuanzia kudai. Kwa wajitolea, njia iliyo wazi ni ile ambayo mikataba ya ndani inaweza kuifungua kesho asubuhi: anayeitwa kwenye uokoaji na mamlaka ya jimbo ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa jimbo kwa siku zile, alipwe posho yake, na akiumia mwili au akili atibiwe kwa gharama za jimbo.

Naliomba Bunge la Jimbo la Lualaba liweke mstari mmoja katika bajeti ijayo, na lisimwachie mfadhili auandike. Kila ajali yenye wafu wengi iwe na daftari la waokoaji linaloshikwa na kituo cha afya, si na polisi, na jina la mtu lisitumike kumshtaki kwa kuwa ndani ya uzio. Muuguzi awatembelee wote waliomo, wanaolalamika na wasiolalamika, baada ya mwezi mmoja na tena baada ya miezi mitatu, ili asiwepo mtu wa kuonyeshwa kidole kwamba yeye ndiye mwenye kichaa. Katika kila zoni ya afya, Sandoa ikiwemo, wafundishwe wasaidizi wawili wa kutibu kiwewe na walipwe mshahara. Na wewe msomaji, ukiwa na ndugu aliyekuwa Buyofwe, KOV au Kalando akitoa watu, usimuulize aliona nini. Muulize analala vipi, na akisema vibaya, fuatana naye hadi kituo cha afya.